Mtoto Aliyepita Kanazi Kwanza

Kaka yangu anayeishi Uswidi ana kipaji cha kumwambia kila mtu jambo analotaka kulisikia. Hata tulipokuwa wadogo, mama akiuliza nani atakwenda kuchota maji, yeye ndiye aliyeitika kwanza na mimi ndiye niliyekwenda. Kwa hiyo aliponipigia simu kusema kwamba binti yake anakuja kusoma muhula mmoja Bukoba, ningepaswa kumuuliza ni nani mwingine aliyempigia siku hiyo. Sikuuliza. Nilifurahi mno.

Maagizo aliyonipa yalikuwa mepesi. Nimpokee mtoto uwanja wa ndege, alale kwangu, hapa Ijuganyondo mjini Bukoba, siku za mwanzo mpaka azoee hewa, kisha nimpeleke hosteli ya chuo akakae na wanafunzi wenzake. Jumatatu aanze mafunzo ya vitendo hospitalini. "Wazee usiwaache wammeze," alisema. "Amekuja kusoma." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Kazi yangu ni kuwaeleza watu jambo wasilolijua mpaka walijue, na ratiba za shule zimenifundisha kuiheshimu Jumatatu.

Hiyo Jumatatu naomba msomaji uishike, maana ndiyo iliyotugombanisha wote. Binti alikuwa anasomea ukunga. Chuo chake huko kinawaruhusu wanafunzi kwenda nchi nyingine kwa muhula mmoja, naye alichagua chuo cha kwetu. Wanafunzi wageni wote walitakiwa kuingia wodini asubuhi moja, kwa pamoja, wagawiwe wakunga wa kuwasimamia. Ambaye asingekuwepo, nafasi yake ingepewa mwingine aliyekuwa akiisubiri, na muhula wake usingehesabiwa huko kwao. Angerudi na picha za ziwa, basi. Aliniandikia haya mwenyewe kabla ya kusafiri, kwa Kiswahili alichookota mezani kwa baba yake, na mwishoni akaweka, "Shangazi, naogopa Jumatatu." Nikamjibu kwamba hiyo Jumatatu aniachie mimi.

Alishuka Alhamisi kwenye ndege ndogo, mrefu, amevaa viatu vya kupandia milima, na usoni ana paji la marehemu baba yetu. Mama yake ni mwanamke wa hukohuko Uswidi, na sisi tulikuwa tumemwona mtoto kwenye simu tu, ambako watu wote wana paji moja. Nilisimama pale uwanjani nikashindwa hata kumpa mkono. Yeye ndiye aliyenikumbatia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Tanzania.

Siku za kwanza ugenini ni kazi ya vitu vidogo, na ningependa vijana wetu wanaokwenda nje walijue hilo mapema: kinachokuchosha si masomo, ni maji ya kunywa. Mtoto alipaswa kujua maji yapi yamechemshwa na yapi ni ya kupigia mswaki, chandarua kinachomekwa vipi chini ya godoro, na kwamba umeme ukikatika hakuna aliyeharibu kitu. Ijumaa nzima ilikwenda kwenye laini ya simu. Tulikaa kwenye foleni, mashine ikakataa vidole vyake, tukaambiwa twende duka jingine, na huko mashine ikavikubali vidole ikakataa pasipoti. Alitabasamu mpaka mchana. Baada ya hapo akaacha kutabasamu, nami nikaona ni dalili nzuri, kwamba ameanza kuwa mwenyeji.

Nikamfundisha na salamu. Kwetu Buhaya mtoto humpigia mkubwa magoti anapomsalimia, na wanawake vivyo hivyo, hasa mbele ya wazee. Nilimweleza, nikamwonyesha katikati ya sebule, akarudia mpaka akaweza. Ana bidii sana. Nilichosahau kumwambia ni nani asiyepigiwa magoti. Ijumaa hiyo alimpigia magoti mama anayeuza ndizi, akampigia mlinzi wa chuo, na tulipokuwa tunarudi nyumbani akampigia mwanafunzi wa darasa la pili aliyekuwa amemsalimia kwa Kiingereza. Yule mtoto aligeuka kutazama ni mzee gani amesimama nyuma yake. Alipoona hakuna mtu akatoka mbio na begi lake mgongoni. Binti akaniuliza amekosea wapi. Nikamwambia bado hajatokea mtu aliyekufa kwa kuheshimiwa, ila kesho apunguze.

Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa tunakwenda Muleba. Hapa nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu. Mzee akifa, mmoja wa wanawe, mara nyingi yule mkubwa, huwekwa kuwa musika, yaani mrithi. Anakaa katika nyumba ya baba na kukitunza kibanja, ile migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, pamoja na makaburi yaliyomo ndani yake. Mtoto wa ukoo anayefika kwa mara ya kwanza huanzia kwa musika. Anapokelewa, anapewa punje za kahawa atafune, anapelekwa makaburini akajulishwe, na ndipo anakuwa huru kwenda kokote. Musika wetu ni kaka yetu mkubwa, na nyumba iko Muleba, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Sikuwa na nia ya kumficha mtoto. Nilipanga twende asubuhi na gari langu, apokelewe, ale, ajulishwe, jioni turudi, Jumapili ahamie hosteli. Ulikuwa mpango mzuri, na hata leo nikiutazama siuoni ubaya wake.

Ijumaa jioni dada yetu anayeishi Kanazi akapiga simu. Miguu yake huvimba, haendi mbali siku hizi. Alikuwa amesikia kwamba tutapita. Nikamwambia tutamwona tukirudi. Akaniuliza kama tunataka kupita mbele ya mlango wake kama mizigo inayokwenda bandarini Kemondo, bila hata kugeuza shingo, na yeye maharage ameshayaloweka. Nikamkumbusha habari ya musika. Akasema musika ni mdogo wake, amembeba mgongoni, na anayo yeye haja ya kumwona mtoto kabla miguu haijammaliza.

Kanazi iko njiani. Mtu ataipita vipi? Nikajiambia tutasimama kidogo, tusalimie, twende. Haya mambo ya nani aanze na nani afuate tuliokulia mjini tunayajua kama tunavyojua majina ya miezi kwa Kihaya: yapo, lakini hatuyatumii.

Tulikaa Kanazi mpaka jua likawa juu. Dada alituletea kahawa ya kutafuna ndani ya kikapu kidogo, na mtoto, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba kukataa ni kuikataa nyumba, akachota konzi akaijaza kinywani. Dada akamtazama akifanya kazi ile kwa shavu moja kisha jingine, machozi yakimlengalenga mtoto.

"Mwambie moja moja," dada aliniambia. "Hatujampa adhabu."

Tukala ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, kwa maharage na samaki. Dada alimshika mtoto mkono, akamgusagusa paji la uso, akalia, akacheka, na mwishoni akamwambia mjukuu wake apige picha. Sikufikiri chochote juu ya ile picha. Nilikuwa natafuta funguo za gari. Kabla hatujarudi barabara kuu ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la ukoo la simu, watu wote ndani: mtoto ameketi mkekani, sahani mbele yake, dada anacheka, na chini yake maneno, "Binti yetu amefika nyumbani. Kanazi."

Nyumba ya baba ukiifikia unaiona migomba kwanza, kisha bati. Wifi yangu, mke wa kaka mkubwa, alitoka kutulaki. Alitusalimia vizuri, akamtazama mtoto kwa upendo kabisa, lakini viti alivitoa nje, akaviweka chini ya upenu wa paa. Akatuletea maji. Kahawa hakuleta. Mtoto hakuona kitu. Aliniambia hapa pana upepo mzuri. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusikia joto la masikio.

Nikauliza mwenye nyumba yuko wapi. Wifi akasema hayupo.

Ndani ya kibanja, karibu sana, panga lilikuwa linakata majani makavu ya migomba. Linakata, linatulia, linakata. Wifi alilisikia, nililisikia, na kuku walilisikia.

"Hayupo kabisa?" nikauliza.

"Wifi, mimi nimeambiwa niseme hayupo," alisema. "Usinitese."

Basi nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya darasani: nikaeleza kwa sauti kubwa mbele ya migomba. Nilisema kwa Kihaya kwamba tumefika, kwamba tumepita Kanazi kwa sababu ya miguu ya dada, kwamba mtoto hajui taratibu na hana kosa, kwamba Jumatatu anatakiwa hospitalini. Panga lilitulia niliposema Jumatatu. Nikadhani nimeshinda. Kisha likaanza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Wifi akanivuta pembeni akanieleza, na hapo ndipo nilipoujua mchezo wote. Kaka wa Uswidi alikuwa amempigia musika siku ileile aliyonipigia mimi. Kaka mkubwa aliambiwa kwamba mtoto akishuka kwenye ndege ataletwa moja kwa moja Muleba, kabla ya nyumba nyingine yoyote, akae wiki nzima. Aliambiwa pia awaalike wazee wa ukoo Jumatatu, waje wamjulishe mtoto kwa babu yake kwa heshima zote. Wazee wameshaalikwa. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye shina la mbuni nyuma ya nyumba. Kumbe nilikuwa nimemsikia tangu tulipoingia. Jumatatu aliyonipa mimi, alimpa na yeye.

Na kuna jambo jingine, ambalo wifi hakulitaja kwa sababu sote tunalijua. Baba alipofariki, kaka wa Uswidi alipiga simu akasema yuko njiani. Musika akawazuia watu. Mazishi yakasogezwa, wakwe wakalala kwenye maturubai, na simu ikaendelea kusema niko njiani, mpaka kaka mkubwa akachukua koleo na kuanza kufukia mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna mguu wa mtu wa nyumba ya Uswidi uliokanyaga kaburi la baba. Sasa umekuja mguu wa kwanza, na umeanzia Kanazi kula samaki.

Ujumbe tuliopewa ni huu: tuondoke, turudi Jumatatu wazee wakiwepo, mtoto aanze upya.

Tulipofika barabara kuu nilisimamisha gari, nikampigia kaka yangu Uswidi. Nilimuuliza polepole, kama ninavyomuuliza mwanafunzi aliyenakili mtihani, Jumatatu moja inawezaje kuwa mahali pawili. Akacheka kidogo. Akaniuliza hali ya hewa. Nikarudia swali.

"Nilidhani mkikutana mtaelewana," alisema. "Wewe ni mwalimu. Unajua kueleza."

Sijui kwa nini neno hilo liliniudhi kuliko yote. Nilikata simu nikakaa na mikono kwenye usukani. Binti alikuwa amesikia kila kitu, maana nilikuwa nimeweka spika. Nikamgeukia nikaanza: nikamweleza musika ni nani, kahawa ina maana gani, kwa nini viti vilikaa nje, kwa nini babu yake alichelewa kuzikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo ni tunda la kazi yangu, watu hunisikiliza mpaka mwisho hata wakiwa wamechoka.

Kisha akasema, "Shangazi, kila mtu ananiambia nimerudi. Mimi sijawahi kuwa hapa. Nimekuja kusoma."

"Najua, mwanangu."

"Nikikosa Jumatatu, nitarudi kwetu na sijasoma. Nikienda wodini, baba mkubwa atanichukia. Na kosa si langu, wala si lako. Ni la baba."

Nikawasha gari. Tukarudi Ijuganyondo, na mvua ikatupata Kemondo.

Jumapili ilikuwa siku ya simu. Kanisani mchungaji alikuwa ameshaambiwa, akamsimamisha mtoto mbele ya usharika, watu wakapiga makofi kwa mtoto wetu aliyerudi nyumbani, naye akainamisha kichwa kama anayesomewa mashtaka. Tulipotoka, simu zikaanza. Binamu mmoja akasema hospitali haiwezi kukimbia, wanawake watazaa na Jumanne. Mwingine akasema mtoto wa ukoo kulala kwenye kitanda cha kukodi wakati nyumba ya babu yake imesimama ni aibu ya kutosha, hata bila hayo mengine. Dada wa Kanazi alipiga kulaumu kwamba nilimwacha mjukuu wake aitume ile picha. Kwa maoni yake mwenye gari ndiye mwenye dhamana. Nilimwita kila mmoja kwa jina lake la heshima, nikaeleza. Nikaeleza tena. Kuna mmoja nilimweleza mara tatu na bado akaniuliza kama mtoto anaumwa, maana ametajiwa hospitali.

Alasiri nikauzima ule mjadala. Nilimwambia binti afunge mizigo. Tukachukua ndoo, beseni, chandarua na taa ya kuchaji, nikampeleka hosteli. Nitamwambia mzazi yeyote anayenisoma: mtoto akiwa amevuka bahari kwa ajili ya asubuhi moja, mpe hiyo asubuhi, kelele nyingine zipokee wewe. Wenzake wa chumbani walikuwa wasichana wawili wa Karagwe, wakampisha kitanda cha chini na kumuuliza kama huko kwao kuna senene. Nilimwacha akiwa anacheka kidogo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu ile laini ya simu.

Jumatatu asubuhi aliingia wodini. Mimi niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Muleba peke yangu.

Shangazi ana nafasi yake katika ukoo, anaweza kusimama badala ya mtoto wa kaka yake kwa mambo mengi. Niliitegemea sana nafasi hiyo. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ndani, nyasi mpya zimetandazwa sakafuni, kaka mkubwa amevaa koti lake la kanisani. Nilipiga magoti, nikasalimia mmoja mmoja, nikakaa kwenye nyasi. Nikaanza tangu mwanzo. Nilieleza mafunzo ya ukunga, nikaeleza nafasi wodini zinavyogawiwa, nikaeleza kwamba mtoto analia kwa ajili yao, jambo ambalo nililiongezea chumvi kidogo. Nilizungumza vizuri. Nilijisikia nikizungumza vizuri.

Kaka mkubwa alisubiri mpaka nikamaliza.

"Umeniletea maelezo," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

Mzee mmoja akasema labda yuko ndani ya simu kama baba yake. Wakacheka, wote isipokuwa kaka. Yeye alimwambia mkewe amfungue mbuzi. Yule mbuzi akarudi kula majani, wazee wakala ebitoke kwa maharage, na mimi nikala pamoja nao kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana, ningekuwa na la kujibu. Nilirudi Bukoba nikiongea peke yangu garini, na sentensi zangu zote zilikuwa nzuri kuliko nilizosema kule.

Jioni binti alipiga simu. Amepata mkunga mzuri wa kumsimamia, mama mkali. Ameshika mtoto mchanga. Amekosea kufunga kanga kumzungushia, wakamcheka, akafundishwa. Alizungumza haraka mpaka Kiswahili kikamwishia akaingiza Kiswidi. Akaniuliza Muleba kulikuwaje. Nikasema wanamsalimu.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kimya. Kaka mkubwa hakupokea simu yangu hata moja. Kundi la ukoo, ambalo kwa kawaida halipitishi saa bila mtu kutuma mahubiri, likawa kama shamba lililovunwa. Kaka wa Uswidi alinitumia ujumbe kwamba mambo yatakaa sawa, akaweka na kile kialama cha mikono ya sala. Mimi Jumamosi nilikuwa nampelekea mtoto parachichi na ndizi mbivu hosteli, namkuta kila mara amezoea jambo jipya. Alijifunza kuoga kwa maji ya ndoo nusu. Alijifunza kujibu "mzungu" kwa "naam, mama" mpaka wauza nyanya wakaacha. Nilimsifu, kwa kuwa alistahili, lakini moyoni nilikuwa nimewakasirikia watu wengi mno kwa wakati mmoja, na sikuwa na hata mmoja wa kumfikia.

Jumamosi moja nilikwenda na parachichi zangu nisimkute. Wale wasichana wa Karagwe walisema ametoka mapema, hakusema wapi. Nikiwa bado pale mlangoni, simu yangu ikaita. Ni wifi yangu wa Muleba, ananong'ona.

"Mtoto yuko hapa," alisema. "Amepukuchua na maharage."

Nikamuuliza amefikaje, nani amempeleka, nani amemruhusu, kaka anasemaje, wazee wameitwa au hawakuitwa. Wifi akasema ananong'ona kwa sababu wamelala kidogo baada ya kula, mtoto na baba yake mkubwa, kwenye viti, na atanipigia baadaye. Hakupiga.

Jumapili jioni nilimkuta binti uani hosteli anafua sare zake. Nikachukua kigoda nikakaa. Alinisimulia bila kuacha kufua. Njia alikuwa ameihifadhi kwenye simu siku ile tulipokwenda. Alipanda basi dogo mpaka Muleba mjini, kisha pikipiki. Hakumwambia mtu kwa sababu alijua kila atakayeambiwa atapiga simu. Alipofika, baba mkubwa alikuwa amekaa upenuni anachambua kahawa. Akapiga magoti, akasema salamu ya Kihaya aliyofundishwa na wenzake wa chumbani, na baada ya hapo hakuwa na neno jingine la Kihaya.

"Alikujibuje?"

"Aliuliza kama nimekula."

"Ukasema?"

"Nikasema sijala mahali popote. Ni kweli, Shangazi, sikunywa hata maji njiani."

Walikwenda kaburini wawili tu. Hapakuwa na wazee wala mbuzi. Baba mkubwa aliondoa majani makavu kwa mkono, akamwonyesha babu, akamwonyesha na bibi, akasema maneno ambayo yeye hakuyaelewa. Kisha akamwambia ampigie baba yake simu ya video. Mtoto akapiga. Baba mkubwa akaichukua simu, akaielekeza chini kwenye kaburi, akaishika hivyo kwa muda mrefu.

"Alimwambia nini?" nikauliza.

"Alisema, 'Baba yuko hapa.' Basi."

"Na baba yako?"

Alikamua sare, akaitikisa. "Hakusema kitu. Nilidhani mtandao umekwama. Nikatazama, haukuwa umekwama."

Nilikaa pale kwenye kigoda nikajaribu kumweleza maana ya jambo lile, kwamba mpaka siku hiyo ndugu wale wawili hawakuwa wamewahi kulitazama kaburi lile kwa pamoja. Nikaona ananisikiliza kwa adabu huku akitafuta vibanio vya nguo. Nikanyamaza, nikamsaidia kuanika.

Nilipofika nyumbani nikampigia kaka mkubwa. Sikutegemea, lakini alipokea mara ya kwanza ilipoita. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na samahani, halafu nifuate na yale yote niliyoyapanga garini siku ile. Hakunipa nafasi. Alisema mtoto aje tena Jumamosi ijayo, na afike asubuhi, si mchana jua likiwa kali. Alisema mguu wake wa kushoto una malengelenge, nimtafutie viatu vya maana. Alisema mtoto hali chakula vizuri.

"Mnamlisha nini huko mjini?" aliniuliza.

Nikaanza kumweleza habari za chakula cha hosteli, kwamba wanapikiwa wali na maharage, na kwamba mimi mwenyewe kila wiki humpelekea parachichi. Nilikuwa nimeshafika kwenye ndizi mbivu nilipotambua kwamba alikuwa ameshakata simu zamani.